Chevrolet ya Harusi ya Mwadi

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimefukuza kuku wa mwisho ndani ya Chevrolet. Alikataa kutoka, amezoea kiti cha nyuma. Ametuachia mayai. Tumeyala.

Jumamosi binti yangu Mwadi anaolewa kanisani, na gari hii ndiyo itakayompeleka. Nimeshatangaza mtaa mzima! Gari ya Kimarekani, ya zamani, pana kama chumba. Mzungu mmoja wa mgodini alimwachia marehemu baba yangu, aliyekuwa dereva wake. Moteri naijua. Tatizo liko chini: frein za kuisimamisha hakuna, bomba la moshi limeoza, na mi na mgongo wangu huu siwezi tena kulala chini ya gari.

Jirani Ngeleka alikuja kuniazima Toyota yake. Kila asubuhi anaiosha mbele ya mlango wangu, makusudi. Nikamjibu kwamba mtoto wangu haendi kwa padri katika gari inayofanana na teksi zote za Kolwezi. Alicheka. Acha acheke!

Mwadi amesema kwake gari si kitu, hata kwa miguu ataenda, mradi mi nimshike mkono tuingie kanisani pamoja. Nimemwambia tutaingia, na watu watageuka kutazama. Mtoto mzuri, lakini hajui heshima ya mlango wa Chevrolet ukifungwa.

Jumanne, 5 Agosti

Nahitaji fosse, lile shimo ambalo fundi husimama ndani yake, gari ikiwa juu. Nimepiga sururu. Wapi! Ardhi ya Agosti ni saruji. Tshibola, bibi yangu, mama yake Mwadi, ameishia kunikanda mgongo kwa maji ya moto.

Nikiwa nimelala kifudifudi, akili ikaja. Mgongo umekufa, lakini kichwa kinafanya kazi!

Tuna jiwe moja la kijani, kama yale ya madini ya shaba, la kuzuia mlango usigongwe na upepo. Liko pale miaka na miaka. Nimelichukua, nikalipaka udongo, nikaenda kuliosha kwenye bomba la mtaa wakati wa foleni ya maji. Polepole. Mama mmoja akauliza nimelitoa wapi. Nikatazama chini, nikaficha jiwe ndani ya shati, nikarudi nyumbani mbiombio. Sikusema uongo. Sikusema kitu.

Kolwezi hii! Kabla ya bukari, ugali wetu wa jioni, Samy, mchimbaji wa Musonoi, alikuwa mlangoni na wenzake, na sururu, na mifuko. Watachimba bure, amesema, tutagawana madini yatakayoonekana. Nikajifanya kusitasita. Nikakubali kwa sharti moja: shimo liwe refu na jembamba, katikati ya kibanda cha gari, na kuta zinyooke. Samy akauliza kwa nini. Nikamwambia ni mambo ya ukoo.

Jumatano, 6 Agosti

Fosse nzuri ajabu! Nimeshuka, nikasimama, nikainua mikono: kipimo changu kamili. Nikawashukuru vijana, nikawaambia basi, inatosha, humu hakuna kitu.

Kosa. Walitazamana. Kwao mtu akisema hakuna kitu, ujue amekiona. Samy akaniambia kwa upole: "Tata Séraphin, sisi hatuko batoto." Wakaendelea.

Nikaapa kwa jina la marehemu baba. Wakachimba kwa kasi zaidi.

Mchana nikaamua kumwaga ukweli wote: jiwe, foleni ya maji, mgongo. Samy alinisikiliza hadi mwisho, akasema ni hadithi nzuri sana, kisha akatuma kuita wenzake wengine.

Alhamisi, 7 Agosti

Sasa wanakwenda kwa upande, chini ya ukuta. Kazi yangu hawaizuii, hilo niseme. Mbao juu ya shimo, gari juu ya mbao, mi nafunga bomba la moshi, wao wanapita karibu na miguu yangu na mifuko ya udongo. Tunasalimiana.

Ngeleka naye ameanza kuchimba kwake. Nimesikia sururu. Nilipomuuliza kupitia juu ya ukuta, akajibu anachimba choo. Choo sebuleni, Ngeleka? Akafunga dirisha.

Tshibola amenitaka nifukuze watu wote na nifukie shimo leo hii, la sivyo atamwambia Ngeleka alete Toyota. Sikio la kufa halisikii dawa, amesema. Nikamwambia imebaki frein moja tu. Zilibaki zote. Ninapoandika hapa najua ana haki. Mwanamke huyu hajawahi kukosea juu yangu. Lakini moteri jana ilikohoa kidogo, na mtu hawezi kuacha moteri inayokohoa.

Ijumaa, 8 Agosti

IMEWAKA! Moshi mweusi, kelele, mtaa mzima nje! Mwadi alitoka mbio, nywele zimesukwa nusu, akapiga makofi. Nikampandisha mbele. Hatukwenda popote, tulikaa tu, tukapiga honi. Alilaza kichwa begani kwangu, akaniuliza kama nina hakika. Nina hakika! Nimefunga utepe mweupe kwenye capot, kile kifuniko cha moteri. Vijana wa Samy wameleta maua ya karatasi. Nina furaha mpaka chakula hakipiti.

Jumamosi, 9 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Asubuhi Mwadi alisimama uani ndani ya gauni lake. Niliingia ndani ya gari, nikawasha, nikarudisha nyuma. Mbao zilishika. Ardhi ndiyo haikushika. Chini hapakuwa na kitu tena, walikuwa wamekula udongo wote mpaka kwa Ngeleka. Upande wa nyuma ulizama taratibu, kwa heshima, na mi nikajikuta natazama mbingu kupitia kioo cha mbele. Hakuna aliyeumia. Wachimbaji wote walikuwa nje, wamevaa mashati safi, wanangoja harusi.

Mwadi hakulia. Alikuja kando ya shimo, akaninyooshea mkono. "Papa, toka, twende. Kwa Toyota, kwa miguu, haina maneno." Ngeleka alikuwa ameshafungua milango yake.

Nikamwambia watangulie. Tungevuta kidogo tu kwa kamba, mi na Samy na vijana wake, kisha ningewafikia njiani na kuongoza cortège, msafara wote wa harusi. Niliona uso wake. Niliuona vizuri kabisa, na nikageuka kutafuta kamba.

Tulivuta. Bampa ikaja peke yake, sisi wote tukaanguka nayo.

Nimefika kanisani juu ya pikipiki ya kukodi, grisi mashavuni, watu wanatoka. Vigelegele, picha. Tshibola hakunitazama. Nikauliza nani alimwingiza mtoto wangu. Ngeleka. Alimshika mkono kutoka mlangoni hadi mbele, na wanasema alitembea vizuri, polepole, macho yana machozi.

Mwadi alinipangusa grisi kwa kitambaa chake cheupe. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelia. Bibi ameniona, akaweka chai karibu yangu, akatoka. Misa nimeshindwa kwenda, ningetazamaje ule mlango? Siku ile hairudi. Hata wanitumie Chevrolet mpya kutoka Marekani, hairudi. Mtoto aliniomba mkono tu. Mkono ninao! Nilikuwa nimeshikilia kamba.

Nimeapa. Gari ni chuma, wiki hii waje watu wa vyuma chakavu waichukue yote, na shimo nafukia.

Ngeleka alipita kunipa pole. Sebule yake pia imezama, pamoja na kabati. Nikajaribu kufurahi, nikashindwa. Karibu niweze.

Jumapili, 17 Agosti

Leo Mwadi na mumewe walituita kula kwao, mara ya kwanza. Nilivaa suti tangu asubuhi. Nilikuwa nimeshika mpaka kofia!

Akapita Samy. Ameazima mashine ya mnyororo, ile ya kuinulia moteri za malori. Leo tu, kesho mwenyewe anaitaka. Nikamwambia Tshibola atangulie. Akaenda.

Amerudi jua limezama, ameshika bakuli lililofungwa kitambaa. Firigisi. Kwetu firigisi ya kuku ni ya baba, mwingine haigusi. Amesema Mwadi aliiweka mbele ya kiti changu, akazuia watu wote wasianze kula, mpaka bukari ikawa ngumu na mumewe akamwomba basi.

Nimeila humohumo shimoni. Ilikuwa baridi, na ilikuwa tamu. Nimelia tena, mbele ya Samy. Amegeukia pembeni, kijana mwenye adabu.

Nimeamua. Kesho asubuhi na mapema naenda kwa Mwadi, napiga magoti, namwomba msamaha. Asubuhi, au mchana. Gurudumu moja la nyuma limeshaanza kupanda, na Samy anasema tukichimba kidogo tu upande wa kushoto, gari inatoka yote.