Asali Ndani ya Glovu

Jumanne, 6 Julai 1954

Ukungu mpaka dirishani. Meru haionekani. Nimeungua! Nilikuwa napiga pasi joho langu la kwaya huku nikiwaza mambo makubwa, mkono ukagusa ubavu wa pasi ya mkaa. Si jeraha kubwa. Lakini ni mkono wa kulia, na Jumapili ni zamu yangu kupiga kinanda ibadani. Tupo wawili, mimi na Tabea. Mchungaji atatusikiliza, kisha mmoja wetu apelekwe Moshi kujifunza muziki. Tabea alipiga Jumapili iliyopita. Alipiga vizuri. Sitaliandika tena hilo.

Nikiwa bado napuliza mkono, nani mlangoni? Tabea. Mama yake ni muuguzi, basi naye anajiona muuguzi. Akaniamuru nitie mkono kwenye maji baridi sasa hivi, niuache humo mpaka nichoke. Nisipake kitu. Likitokea lengelenge nisilipasue, nilifunike kwa kitambaa safi tu. Mkono ukivimba, wekundu ukisambaa, ukitoka usaha au nikishikwa na homa, twende hospitali. “Twende”, eti! Nikamwuliza kwa nini ananijali hivyo. Akauliza kama nimeungua na kichwa pia.

Nimetafakari sana. Mshindani gani hutoa shauri jema? Anataka Jumapili inikute mkono ndani ya ndoo! Nitafanya kinyume cha kila neno lake. Nimepaka samli.

Jumatano, 7 Julai

Mkono unawaka na unanukia chapati. Lengelenge limetokea, nono. Mama akauliza mbona nakula kwa mkono wa kushoto kama mtu asiyelelewa. Nikamjibu kwamba naufundisha, maana kwenye kinanda ndio dhaifu. Akamwambia Baba kwamba masomo yamenizidi.

Ijumaa, 9 Julai

Nimelipasua kwa pini. Nilifikiri: kama Tabea amelikataza, basi siri ya kupona imo humo. Kisha nikapaka asali, ile shangazi aliyotuletea kutoka Tengeru. Nyingi.

Nikaenda dukani kwa baba yake Hansa kuazima glovu nyeupe. Nikamweleza Hansa kwamba Julai hii ina baridi kali. Akanipa zote mbili, nikarudisha ya kushoto. Akauliza ni baridi gani hii inayoshika mkono mmoja. Hansa ni rafiki mzuri lakini anauliza maswali mengi.

Jumapili, 11 Julai

Aibu! Aibu!

Wimbo wa kwanza ulikwenda salama. Glovu ilinipa heshima, niliona akina mama wakinong’onezana. Wimbo wa pili asali ikapenya. Kibao kimoja cha kinanda kikanata chini. Nikainua kidole, sauti ikabaki palepale. Akina mama wakaifuata juu, wazee wakashuka nayo, vijana wakanyamaza kabisa. Mchungaji akaanza sala, nikaacha kukanyaga pedali za upepo. Upepo uliobaki ndani ukatoka polepole, mlio wa ng’ombe mgonjwa, katikati ya sala. Mzee Kisioki akaitikia Amina.

Nikavuta mkono kwa nguvu. Mkono ukatoka, glovu ikabaki kwenye kinanda. Safu nzima ya mbele ikauona mkono wangu. Mtu akasema “Yesu wangu!” na hakuwa anasali.

Tabea akaja, akapiga wimbo wa mwisho akikiruka kibao kilichonata. Aliruka vizuri.

Jumatatu, 12 Julai

Homa. Mkono umevimba, wekundu umefika kifundoni, usaha unatoka. Tabea akaja, akautazama, akanivisha sweta bila kuniuliza. Sikuwa na nguvu ya kupinga. Njia nzima ya hospitali amenishika mkono wangu mzima kama mtoto.

Muuguzi akasafisha, akanidunga sindano, akafunga bandeji. Akataka kujua nilipaka nini. Samli, nikasema. Na asali. Akauliza mbona nilisahau unga. Akaongeza kwamba siku nyingine nisingoje, hasa nikiungua sehemu kubwa au usoni. Tabea akatikisa kichwa kukubali kila neno, kana kwamba anaimba naye.

Mchungaji ametuma salamu. Sisimizi wamekipata kinanda na wanaingia kwa foleni.

Jambo la ajabu: Tabea amemwomba Mchungaji asiamue mpaka nipone nipige tena. Nimelifikiria kitandani mchana kutwa. Mtu hafanyi hivyo bure. Nimegundua: ananiogopa!

Jumamosi, 31 Julai

Nimepona! Kovu dogo tu, la waridi. Kesho ndiyo kesho. Mchungaji ananisikiliza kwa mara ya mwisho.

Nikaamua kwamba safari hii nitamshinda Tabea hata kwa sura. Nikapasha moto kitana cha chuma juu ya makaa ninyooshe nywele. Tabea akapita dirishani na kusema kitana kimezidi moto, nikipoze kwanza. Ningojee nywele zisinyooke? Mjanja huyo!

Nimeungua sikio. Lote, mpaka shavuni.

Alipiga kelele kuhusu maji, nikafunga dirisha. Akapiga kelele kuhusu hospitali, kwamba huu sasa ni uso. Sikio si uso. Kesho nitavaa kofia ya sufu ya Mama, nani ataona?

Na wasiseme sijifunzi. Asali sikuigusa. Nimepaka samli tu.