Kivuli cha Kikombe cha Zamda

Jumatatu, 19 Agosti

Nimefundisha vivuli Darasa la Nne. Nimewaandikisha: kitu kikisogea karibu na taa, kivuli chake hupungua. Inaingia akilini kabisa! Karibu na taa mwanga ni mwingi, kivuli kitoke wapi? Zamda, binti mwenye maswali kuliko mtaala, akasema kwao akisogeza mkono kwenye kibatari kivuli hujaa ukuta mzima. Nikamwambia kibatari chao kibovu.

Nimefika nyumbani, nimejaribu kwa tochi. Kibatari chao ni kizima.

Jumanne, 20 Agosti

Balaa! Mwalimu mkuu katangaza kwamba Alhamisi anakuja mthibiti ubora wa shule. Atakaa kwenye kipindi changu cha vivuli, kisha kwa Mwalimu Advera. Atakayemridhisha ndiye atakayekuwa mwalimu wa taaluma. Cheo hicho nakitaka tangu nilipopangiwa huku Sikonge! Advera akanitakia kila la heri. Kwa nini? Anajua nini?

Nikiri kosa mbele ya watoto arobaini? Mbele ya Zamda? Siwezi. Naogopa.

Jumatano, 21 Agosti

Mbinu nimepata. Darasa letu madirisha hayafungiki, jua linaingia litakavyo. Mzee Emilian, mkulima jirani na shule, katuazima bani lake, banda la kukaushia tumbaku. Msimu umekwisha, ndani giza tupu. Tochi nitashika mwenyewe. Zamda atasogea na kikombe, mimi nitarudi nyuma taratibu, kivuli kitapungua kama nilivyofundisha. Nani ataona?

Nimefanya mazoezi ya kurudi nyuma uani. Nimekanyaga kuku.

Alhamisi, 22 Agosti

Ndani ya bani niliwasha tochi. Mthibiti, Mama Dafrosa, alikaa pembeni na kalamu yake. Nilimwamkia shikamoo mara tatu.

Zamda akapiga hatua. Nikarudi hatua. Kivuli kikakua! Nikarudi mbili. Zamda, mtoto mtiifu, akanifuata. Nikarudi tatu, nne, nikatoka mlangoni kinyumenyume, nikaanguka chali juu ya kuni za Mzee Emilian.

Mama Dafrosa akatoka akauliza kwa nini namkimbia mtoto. Zamda akamjibu: taa ikitulia, kitu kikiikaribia, kivuli hukua. Mama akaandika. Akaandika muda mrefu mno.

Jumatatu, 26 Agosti

Advera ndiye mwalimu wa taaluma. Kaniita kwa upole, kanisihi nijaribu jambo kabla ya kulifundisha. Nimekubali kwa moyo wote.

Leo somo lilikuwa vitu vinavyoelea na vinavyozama. Hili halihitaji kujaribu. Chuma huzama, kila mtu anajua! Nimewaandikisha kuwa meli zote za Kigoma ni za mbao. Nurdini, wa dawati la mbele, akasema baba yake ni fundi wa kuchomelea vyuma vya meli hizo. Nimemwambia aache kumsingizia mzazi.

Ndoo zote za shule nimezifungia stoo. Ufunguo ninao mimi.