Kibao cha Marufuku Kuvua

Jumapili, 3 Mei

Aibu. Tumerudi kutoka bustani ya ufukweni na ndani ya ndoo yangu mna ndala. Moja. Ya mguu wa kushoto. Mwanyumba wangu, huyu fundi majokofu aliyemwoa dada wa mke wangu, kavua changu mkubwa na mwingine wa kumsindikiza. Hakujisifu hata kidogo. Ndiyo tabia yake mbaya kuliko zote.

Baba mkwe akatangaza mbele ya wote kwamba mikono yake imeanza kutetemeka. Fimbo yake ya kuvulia, aliyoitunza tangu enzi zake za udereva wa treni, atampa mmoja wetu. Anatafuta mtu mwenye subira, akasema. Nikadakia: mimi hapa! Nilidakia kabla hajafunga mdomo. Watu wakacheka.

Jumatatu, 4 Mei

Kutwa nzima nimefikiria subira. Matokeo: pazia la mteja limetoka fupi, linaning'inia kama suruali ya mtu aliyerefuka ghafla. Nimemwambia ndiyo mtindo.

Ila nimegundua jambo. Mwanyumba hana subira, ana mahali! Anasimama pale ukuta wa mawe unapopinda, penye kina. Mwondoe pale, atakuwa binadamu kama sisi.

Jumanne, 5 Mei

Muuza samaki kanishauri kwamba chambo kizuri ni kamba walioanza kunuka. Nikawaficha kwenye kopo dukani, juu ya kabati la vitambaa. Kufika adhuhuri bosi akauliza nani kafia humu. Nikasema ni bomba la choo. Akanituma nje kumngoja fundi bomba. Nimesimama juani alasiri nzima nikingoja mtu ambaye mimi peke yangu nilijua hana kazi hapa. Alipofika akafungua kopo moja kwa moja. Sitaki kuandika zaidi.

Ijumaa, 8 Mei

Nimepita bustanini baada ya kazi. Penye maua mapya, kando ya ukuta, pana kibao: MARUFUKU KUVUA HAPA. Nguzo yake imesimikwa kwenye tairi lililojazwa saruji. Tairi! Likilazwa ubavu halitembei, lakini likiinuliwa linabingirika.

Sina nia mbaya na mtu. Mwanyumba atafaidika kwa kubadilisha mazingira.

Jumamosi, 9 Mei

Mkono unaandika, uso umeinama.

Alfajiri nilibingirisha kibao mpaka penye kona ya ukuta, kisha nikajificha nyuma ya vyoo nimwone mwanyumba akihamishwa. Hakuja mwanyumba. Alikuja baba mkwe, peke yake, na kiti chake cha kukunja. Baadaye nilielewa: mwanyumba alimwambia leo achukue ile kona, samaki wanakula vizuri pale. Mzee hakuvaa miwani. Kofia yake akaitundika juu ya kibao!

Firimbi akatokea. Firimbi ni mlinzi wa bustani, na jina amelitafuta mwenyewe. Akapuliza mpaka wafanya mazoezi wakasimama.

"Mzee, hujui kusoma?"

"Najua, mwanangu. Miwani nimeisahau."

Firimbi akamwuliza kama na adabu kaisahau nyumbani. Watu wakatazama. Mzee aliyekuwa akisimamisha treni nzima ng'ombe apite, akainama kukusanya vitu vyake. Ndoano ikamnasa kwenye mkono wa shati, na kwa ule mtetemo akashindwa kuinasua.

Mimi nyuma ya vyoo. Sentensi moja ingetosha. Nikajibana zaidi ukutani, nikachungulia kwa jicho moja.

Mwanyumba akafika na chupa za maji, akainasua ndoano taratibu, akambebea mzee kiti. Wakaondoka. Na pale penye maua, palipobaki bila kibao, mama mmoja mpita njia akatupa mshipi na kuvuta samaki kama mto wa kulalia. Hata hilo!

Jumapili, 10 Mei

Baba mkwe kagoma kuja. Amemwambia mke wangu kwenye simu kwamba bahari sasa basi, hajawahi kufukuzwa kama mbuzi kwenye shamba la watu. Mke wangu kalia jikoni. Mwanyumba kamweleza kwamba kibao kilikuwa penye maua; akasema akimjua aliyekisogeza, atamtafuna mbichi. Nikasema kweli, dunia imeharibika. Chai ikanipalia.

Jumatatu, 11 Mei

Nimeamua kutenda haki. Kimyakimya, bila mtu kujua. Nirudishe kibao na mambo yaishe.

Firimbi kanikamata njiani, nikilikumbatia tairi. Mwizi wa vyuma! Akanisukuma na kibao changu mpaka ofisi ya bustani. Mlango ukafunguliwa. Waliokaa mbele ya meza ya msimamizi ni mke wangu na mwanyumba. Walikuja kulalamika kwa niaba ya mzee.

Mke wangu akatazama kibao. Akanitazama mimi. Akatazama tena kibao.

"Ni wewe?"

Nikasema naweza kueleza. Nikafungua mdomo nieleze. Nikaanzia kwenye ndala.

"Twende kwa mzee kwanza, shemeji," mwanyumba akamwambia, bila kunigeukia. Laiti angenitukana!

Jumanne, 12 Mei

Nimekwenda kumwomba radhi baba mkwe. Nimesimulia yote, hata vyoo. Akasikiliza huku anapangusa miwani yake.

"Sasa mwanangu, si ungeniambia tu? Ningesogeza kiti."

Basi. Akanimiminia chai kwa mikono ile inayotetemeka, ikamwagika kidogo sahanini, akaniomba samahani. Yeye aniombe mimi! Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani nikipita vichochoroni nisionane na mtu.

Jumapili, 17 Mei

Mzee kakubali kurudi bustanini. Firimbi mwenyewe kampokea kiti, akajiumauma kwa maneno ya msamaha.

Fimbo imetolewa. Si kwangu, si kwa mwanyumba. Kampa binti yake, mke wangu! Akasema mtu aliyeishi na mume kama mimi miaka yote hii hahitaji mtihani mwingine wa subira. Mwanyumba akawa wa kwanza kupiga makofi. Mke wangu akatupa mshipi, akatulia kama jiwe, akavuta chewa wa kutosha ukoo.

Mimi nimebeba ndoo za wote. Nimestahili. Nimeapa moyoni: hila sasa basi, mpaka kaburini.

Jambo dogo tu, la kujifurahisha. Bustani ile ina paka wengi, na wana njaa, maskini. Mtu mwenye huruma akiwatupia dagaa kila jioni, mahali pale pale, watazoea kukaa hapo. Tuseme, karibu na anapoweka ndoo yake mwanyumba. Kulisha paka si hila. Ni thawabu.

Kesho nitanunua dagaa.