Mikasi Niliyoshika kwa Ajili ya Miwaridi ya Hospitali

Jumatatu, 3 Machi

Leo Matroni katuita uani. Mtunza bustani wa hospitali yetu kastaafu na kuondoka na vifaa vyake vyote, hata ndoo. Nafasi iko wazi. Tunaoitaka ni wawili: mimi, mtunza stoo, na Dereva wa gari la wagonjwa. Dereva anasema mgongo wake umechoshwa na mashimo ya barabarani. Mimi sikutoa sababu. Inajulikana. Stoo haina dirisha. Miaka yote hii najua mvua imenyesha kwa kutazama viatu vya wenzangu.

Matroni kasema atatupima. Kitalu cha miwaridi kilicho kushoto mwa lango ni changu, cha kulia ni cha Dereva. Kila mtu aje na mkasi wake, apogoe. Ijumaa atakagua na kuchagua.

Dereva kanipa mkono, kanitakia heri. Anayekutakia heri bila kuombwa ana lake jambo.

Nafasi hii nitaipata, hata miiba inimalize. Mkasi si tatizo. Mke wangu ni mshonaji.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu ana mkasi wa vitambaa, mzito, wenye vipini vyeusi. Ukigusa hariri, hariri inajiachia yenyewe. Una kasha lake. Niliwahi kuukatia karatasi mara moja, nikanuniwa wiki nzima. Basi asubuhi, alipokwenda kumpima bibi harusi, nikauazima. Kuazima ni kuchukua kitu ukikusudia kukirudisha. Nilikusudia.

Shina la kwanza lilikuwa jembamba, likakatika. Nikajiona bingwa. La pili lilikuwa nene kama kidole gumba. Mkasi uliuma, ukakwama. Nikaupinda huku, nikaupinda huku. Kitu kikalia, na hakikuwa shina.

Nikaufuta utomvu, nikaurudisha kwenye kasha. Kwa kuutazama tu, mkasi uleule. Jioni mke wangu akatandaza mezani kitambaa cha gauni la bibi harusi, akaanza kukata. Kitambaa hakikukatwa, kilitafunwa. Akauinua mkasi kwenye taa, akaona ncha hazikutani. Akaunusa. Akaniuliza tangu lini mkasi wake unanuka majani.

Nikasema huenda ni unyevu.

Hakupiga kelele. Alikikunja kitambaa taratibu, akasema itabidi akaazime mkasi kwa mshonaji wa mtaa wa pili, yule asiyesalimiana naye. Kisha akaenda kulala. Ningependelea kelele.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda duka la vifaa. Muuzaji, dada mmoja mpole, akanihoji kama daktari. Nakata matawi mabichi au makavu? Unene gani? Natumia mkono upi? Nikamwambia nimekuja kununua mkasi, sijaja kuposa.

Hakukasirika. Akanionyesha mkasi mdogo wa kupogolea, wa kushikwa kwa mkono mmoja. Makali yake mawili yanapishana, kwa hiyo hayaliumizi shina bichi. Akanionyesha na mwingine, ambao wembe wake unashuka juu ya kibao cha chuma. Huo, akasema, ni wa matawi makavu, kwenye mabichi unaponda.

"Kwa miwaridi chukua huu unaopishana, kaka," akasema.

Lakini jicho langu lilikuwa limeshapanda ukutani. Pale ulining'inia mkasi wa kushikwa kwa mikono miwili, vipini kama makasia, makali marefu kuliko mkono wangu. Nilishaona mkasi wa Dereva. Ni kidude cha kutia mfukoni. Nikasema nataka ule. Akasema ule ni wa kusawazisha ua wa miti, hauingii ndani ya mwaridi. Nikamwambia mwenye nguvu mpishe. Akanifungia.

Nimeubeba begani, nikapita mbele ya Dereva makusudi. Akaniangalia, akasema, "Huo ni mkubwa, kaka. Ukikusumbua niambie, huu wangu tutautumia kwa zamu."

Ameshaanza kuogopa.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ngumu. Kila tawi nililolitaka liliondoka na jirani zake. Mkasi mrefu ukiufumbua hujui utafumba nini.

Katika wodi ya wanawake kuna bibi amelazwa kitanda cha dirishani. Nesi kanieleza kwamba kila asubuhi bibi huyo hutazama ua moja jekundu, lililochanua katikati ya kitalu changu, na akishalitazama ndipo anakubali kumeza dawa. Nikasema ua hilo haliguswi. Nikalizunguka kwa uangalifu mkubwa. Mkasi haukulizunguka. Likaanguka.

Bibi akafungua dirisha.

"Mjukuu wangu, unapogoa au unalipa kisasi?"

Hapo niliona aibu, sitaficha. Nililiokota, nikalitia kwenye gilasi ya maji, nikampelekea. Akanishukuru, akaliweka kando ya kitanda. Akasema ni zuri, ila lilipokuwa mtini lilikuwa na kesho. Dawa alikunywa, lakini alinifanya nisubiri.

Nikatoka nimekaza moyo zaidi. Mchana Dereva alikwenda kula, mkasi wake kauacha juu ya benchi. Nikauchukua, nikaweka wangu mahali pake. Huo si wizi. Mwenyewe alisema zamu.

Maajabu yakaanza. Kile kidude hakikati! Nikibana, makali yanaachana. Mashina yakachanika nyuzi, yakawa kama miswaki iliyotumika. Kifungio chake nacho kiko upande usiofaa, kinanifinya kidole. Nikatia nguvu ya mikono miwili, nikapata malengelenge ya mikono miwili.

Nimeielewa hila yake. Dereva kauharibu mkasi makusudi, kauacha benchini ili niuchukue. Mtu hatari sana.

Ijumaa, 7 Machi

Matroni alikuja kukagua, manesi nyuma yake. Kitalu changu alikitazama, akauliza kama mbuzi waliingia. Nikasema nimepogoa kwa kina.

Kumbe Dereva miwaridi yake alishaimaliza jana asubuhi, kila shina limekatwa mshazari, juu kidogo ya jicho la chipukizi, safi. Alipotoka kula akaukuta mkasi wangu benchini, akadhani nimemwazima. Akautumia kusawazisha ua wote wa miti, kuanzia langoni hadi wodini. Umenyooka kama rula. Mbele ya watu wote akanishukuru kwa moyo wangu mzuri. Halafu akauliza kama mkasi wake haukunitesa, maana yeye ana shoto, na ule ni wa kuagiza, makali yamepangwa kwa mkono wa kushoto.

Watu wote wakautazama mkono wangu wa kulia, ulivyojaa plasta.

Nafasi kapewa yeye. Matroni kasema miwaridi yangu itachipua, Mungu ni mwema. Nimerudi stoo, nikakaa juu ya gunia la sabuni ya unga, nikazima taa. Hakuna tofauti.

Nyumbani nikaambiwa Dereva alipita kurudisha mkasi mrefu. Akauona mkasi wa mke wangu, akaomba tupa na mafuta, akaulegeza, akaunyoosha, akaunoa. Gauni la bibi harusi limeshakatwa, na yule mshonaji wa mtaa wa pili hajaombwa kitu. Mke wangu kasema yule ni mtu mwenye adabu, tena anajua kula. Nikafunua sufuria. Ni kweli anajua kula.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetafakari. Kosa ni la mikasi. Sina la kujilaumu.

Isitoshe, Dereva akihamia bustanini, gari la wagonjwa linabaki halina mtu. Nikamwuliza Matroni. Kasema Jumatatu atawajaribu watakaojitokeza. Kiti kile kina dirisha mbele, dirisha ubavuni, na kioo cha kutazama nyuma. Kuendesha sijawahi, lakini nimepanda magari tangu utotoni na macho ninayo. Usukani ni duara, hata ukiukosea unarudi ulikoanzia. Leseni ni mambo ya baadaye.

Kinachotakiwa ni mazoezi kidogo. Shemeji yangu kanunua gari mwezi uliopita, nailoni za viti hajazitoa. Ufunguo huutundika nyuma ya mlango wa jikoni. Kesho ni Jumapili, na Jumapili huchelewa sana kuamka.