Leseni ya Muziki Usiosikilizwa

Wananchi wa Eldoret, mnatangaziwa kwa furaha kubwa kwamba siku za kunywa chai kimya kimya zimekwisha. Mkoloni alituacha tukitafuna mandazi bila hata ngoma. Sasa uhuru tunao, na kila mwenye hoteli, duka au kinyozi lazima awe na muziki wa chini chini, ulionunuliwa moja kwa moja kwa mwanamuziki mwenyewe, bila mtu katikati.

Ili kuhakikisha hakuna mtu katikati, ofisi iliundwa ikae hapo katikati. Ofisi hiyo ni mimi, Inspekta Nicholas Wanyonyi. Nilipewa meza, kofia na muhuri, na mke wangu akaanza kuniita Bwana Inspekta hata tukila ugali.

Kanuni kuu ni rahisi. Muziki wa chini chini hausikilizwi. Mteja akisikiliza, hiyo si biashara tena, ni dansi, na dansi iko na ofisi yake. Kwa hivyo nilizunguka mahoteli nikichungulia chini ya meza. Mguu ukitingishika, kosa. Kichwa kikiyumba, kosa. Mzee mmoja wa kule mashambani Ziwa alitokwa na machozi wimbo ukiendelea, nikamwandikia makosa mawili, moja kwa kila jicho.

Shida ilikuwa Wasike wa mtaa wa Langas. Alikuwa amekubaliana na Mama Chepngetich, mwenye hoteli karibu na stendi, awe akipiga pale kwenye kona litungu lake, kile chombo cha nyuzi cha Wabukusu. Huyo mtu anajua kupiga, kusema kweli, na hilo ndilo kosa lake. Akigusa nyuzi tu, watu wanasahau chai mpaka inapoa. Nilimnyima leseni, akarudi, nikamnyima tena. Nikamshauri kama mzazi ajaribu kupiga vibaya. Akaniambia mkono unakataa.

Hoteli isiyo na leseni ya muziki ilikuwa inafungwa. Mama Chepngetich alilisha watoto wake kwa hiyo hoteli, na Mwenyekiti wa kamati yetu ya muziki, Mheshimiwa Johnstone, aliitaka hiyo nyumba iwe ofisi mpya ya kampuni yake ya kununua mashamba. Wakati huo kila mtu alikuwa anachanga hisa anunue shamba la mzungu anayerudi kwao. Hata mimi nilikuwa nimechanga kwenye kampuni hiyo. Siku ya kumjaribu Wasike mara ya mwisho, apate leseni au hoteli ifungwe, Mheshimiwa alikuja mwenyewe, na kufuli mfukoni.

Hoteli ilijaa. Sasa, mpiga litungu ana desturi yake: anaimba wale walio mbele yake, kwa majina na kwa mambo yao. Wasike akaanza na Mama na chai yake. Halafu akamgeukia Mheshimiwa. Akaimba jinsi shamba la Ziwa lilivyouzwa kwa watu wa Langas, na jinsi hilo hilo lilivyouzwa kwa watu wa mtaa wetu wa West Indies, ng'ombe wale wale, geti lile lile.

Mama Chepngetich akapita kwenye meza na birika. "Kunyweni chai, watu wangu," akasema polepole. "Hapa hakuna mtu anasikiliza."

Hebu fikiria. Karibu wote walikuwa na hisa, na hakuna mguu uliotingishika. Walikodolea vikombe macho, wakatafuna mandazi kwa nidhamu ambayo sijaiona tena. Nilichungulia kila meza nikakuta miguu imetulia tuli. Machozi yalinilengalenga, kwa sababu za kikazi.

Mguu mmoja tu ulipiga sakafu. Mheshimiwa alikuwa amesimama.

"Huyo ni mwongo! Hiyo shamba sijauza mara mbili!"

Nikamsogelea, kofia mkononi. "Mheshimiwa, kwani ulikuwa unasikiliza?"

Akatazama kanuni iliyobandikwa ukutani, yenye sahihi yake mwenyewe. Akikubali, amevunja sheria yake. Akikataa, hawezi kuupinga wimbo ambao hakuusikia.

"Sijasikia kitu," akasema, akaketi.

Nikatangaza kwamba muziki umepita, nikapiga muhuri. Wasike akaendelea na beti zingine, zenye majina ya binamu za Mheshimiwa, naye akalazimika kukaa akitabasamu mpaka mwisho. Kufuli aliisahau mezani, na Mama anafungia nayo sukari.

Asubuhi yake Mheshimiwa alikuta foleni ndefu kwenye mlango wa kampuni, watu wa Langas na West Indies wamechanganyika, kila mmoja na risiti yake. Akawauliza wamesikia nini. Wakamjibu kwa heshima kwamba hawajasikia kitu, wamekumbuka shamba tu. Mimi pia sikuwa nimesikia kitu. Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kwenye foleni.