Ombi la Kufunga Ndoa Kati ya Tarehe Nne na Ishirini

Kwa Mchungaji Hartley,
Thornley Bridge, Yorkshire.

Baada ya salamu na heshima, mimi ni Nigel Braithwaite, mchapaji wa kadi za harusi za kanisa letu. Nakuandikia nikiwa na akili timamu, ingawa mke wangu Maud anabisha.

Kama ujuavyo, sisi Waingereza haturidhiki na tarehe tupu. Lazima namba ivishwe mkia. Moja huvaa "st", mbili "nd", tatu "rd", zinazofuata "th", halafu ikifika ishirini na moja tunaanza upya. Lugha ya programu ninayotumia inanipa siku, mwezi na mwaka, lakini mkia hainipi. Nikaiamuru kompyuta ibandike "th" kila mahali. Yaliyonipata ni haya:

1. Philippa Sugden, anayeolewa Juni 22, aligawa kadi mia na ishirini zilizosomeka "22th June". Bibi yake akanipigia simu: "We Nigel, shuleni kwenu mlifundishwa na walimu au na kondoo?" Philippa mwenyewe hakunisema. Alisimama dukani akilia, nami nikampa kitambaa cha kufutia mashine.

2. Nikarekebisha: kompyuta itazame tarakimu ya mwisho ndipo ichague mkia. Siku hiyohiyo ikamtolea Mzee Ollerenshaw, mwalimu mstaafu, "12nd". Alinirudishia kadi imesahihishwa kwa wino mwekundu. Maksi: sifuri.

3. Kosa, Mchungaji, ni la kalenda. Tarehe 4 hadi 20 zote huvaa "th" bila ugomvi. Naomba ndoa zifungwe siku hizo tu. Philippa ahamie tarehe 20. Ni Alhamisi, lakini wapendanao hawana haja ya Jumamosi. Kadi za uzazi na za msiba nazo nachapa mimi, hivyo wajawazito waombwe kujizuia kidogo. Wagonjwa nao wafikirie wenzao: marehemu Crabtree alifariki tarehe 16, na huo ndio uungwana.

4. Bunge likiridhia, tarehe 1, 2, 3 na jamaa zao zifutwe kabisa.

Nisalimie Mama Mchungaji na wapiga kengele wote, hata yule anayepiga peke yake wenzake wakishamaliza.

Wako mtiifu, mwenye usumbufu kidogo,
Nigel Braithwaite

Nyongeza: Maud ameisoma barua hii, akanitoa kwenye kiti changu. Ameiambia kompyuta: ukikuta 11, 12 au 13, weka "th" tu; siku nyingine ndipo utazame tarakimu ya mwisho. Tumejaribu siku zote thelathini na moja, haikukosea hata moja. Basi Philippa aolewe Juni 22 yake; kadi mpya nimempelekea mwenyewe, akanikumbatia mlangoni. Barua naituma hivyohivyo kwa kuwa stempu imeshabandikwa. Maud anauliza tu: "Kurasa mbili kwa Mchungaji, kukwepa mstari mmoja wa programu?" Naomba usimjibu.