Mia Iliyofutika Otonglo

Ukitaka kumwibia mtu wa Otonglo usimwambie uongo, mpigie hesabu. Griffins aligundua hilo siku aliposhuka sokoni akakuta watu wamemzunguka fundi wa redio kwa sababu tu alikuwa na miwani kama msomi. Kesho yake alirudi na tai, ubao mweusi na chaki.

"Mimi siombi pesa ya mtu," alianza. "Wewe niambie riba unataka, kanuni itakuambia mtaji. Riba nakulipa leo, mbele ya watu. Mtaji wako unarudi mwaka ukiisha."

Akaandika: Riba = Mtaji × Kiwango × Muda ÷ 100. Kisha akayahamisha maneno kama mtu anayepanga viti upya: Mtaji = Riba × 100 ÷ (Kiwango × Muda). Kiwango ishirini, muda mwaka mmoja.

"Na msiniamini mimi," akamalizia. "Sheryl wa duka la simu apige na kalkuleta yake. Kanuni haidanganyi."

Wa kwanza kunasa alikuwa Walter, fundi wa baiskeli, mumewe Dorca muuza samaki aina ya ngege. Alitaka riba ya elfu kumi. Sheryl akabonyeza, mtaji ukatoka elfu hamsini, na Walter akazituma kwa simu. Zilikuwa pesa za friza ambayo Dorca aliingoja muda mrefu huku samaki wake wakimwozea. Walter akapokea elfu kumi zake papo hapo, akarudi nyumbani kifua mbele.

Dorca aliposikia hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Walter.

"Nieleze hiyo kanuni," alisema.

Walter akaieleza kwa furaha, akikata ugali vipande ili aeleweke. "Lakini hii mia, Mama Akello, usiiguse. Ukitoa mia, mtaji unabaki kitu kidogo sana. Yule bwana wa ubao atalia."

"Atalia?"

"Atalia kabisa."

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Griffins angeweza kuondoka usiku uleule na pesa za Walter, lakini asubuhi alikuwa palepale, tai shingoni. Dorca alimfikia moja kwa moja kutoka kwenye meza yake ya samaki, mikono ikichuruzika maji.

"Nataka riba ya elfu arobaini."

Griffins akapiga hesabu kichwani: mtaji laki mbili. Akaandika kanuni harakaharaka, akawageukia watu. "Mnaona mama mwenye maono?"

"Pole, Bwana, macho yangu ni mbaya," Dorca alisema nyuma yake, akiupapasa ubao kwa kiganja. "Mtaji ndio huu? Na riba ndio hii?"

"Ndio hiyo, Mama. Sheryl, soma ubao, upige."

Sheryl akasoma kilichobaki: riba, gawanya kwa kiwango mara muda. Akabonyeza. "Elfu mbili."

Griffins akageuka. Palipokuwa na mia palikuwa na unyevu unaonuka ngege.

"Hapana, hapa kulikuwa na..."

"Kanuni imedanganya?" Dorca aliuliza kwa upole.

Watu walikuwa tayari wametoa simu mifukoni. Griffins akikubali kwamba kanuni imekosea, biashara imekufa, na pengine yeye pia. Akilipa, angalau hawa wengine watamwamini na kuleta zao.

"Kanuni haidanganyi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Dorca akatuma elfu mbili. Griffins akatuma elfu arobaini, zilezile za Walter, kisha akajikaza kutabasamu. "Haya, nani anafuata?"

Walifuata wote. Kila mmoja alikuwa na elfu mbili, na kila mmoja alitaka arobaini.

Griffins alisema anaenda kununua chaki. Bodaboda iliyombeba ilionekana mara ya mwisho ikielekea upande wa Busia, mpakani, tai yake ikipepea.

Friza ilipoingia nyumbani, Walter aliizunguka akiipangusa, akiogopa kumtazama mkewe. Alijuta mpaka ugali ulimshinda. Mwishowe akatafuta angalau kosa moja lisilokuwa lake.

"Lakini ile elfu mbili yako imepotea, Mama Akello."

"Imepotea wapi?" Dorca alisema, akipanga ngege kwenye baridi. "Ule ni mtaji. Mwaka ukiisha, ataleta."